Zaidi ya miaka 30 baada ya makombora ya Kigali: Jeraha la bomu hufanya nini katika mwili wa raia?

Kabeza ni mtaa wa makazi mashariki mwa Kigali, katika tarafa ya Kanombe wilayani Kicukiro, jirani na uwanja wa ndege wa kimataifa. Mgeni anayeupita leo huona maduka, saluni, wachoma mishikaki na waendesha pikipiki wanaosubiri abiria. Mwaka 1994 jirani wawili wa mtaa huo, uwanja wa ndege na kambi ya jeshi ya Kanombe, waliufanya kuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za jiji kufikiwa na umwagaji damu. Mauaji ya Kabeza ya tarehe 7 na 8 Aprili yalitolewa ushahidi mjini Arusha, katika kesi ya Kanali Théoneste Bagosora na maafisa wenzake mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu wa Rwanda. Baada ya mauaji hayo zilifuata wiki za mizinga, hadi wapiganaji wa RPF walipouteka uwanja wa ndege na kambi ya Kanombe tarehe 22 Mei.

Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 wakati huo sasa amevuka umri wa miaka 40. Kama alijeruhiwa na bomu na akanusurika, amekwisha kuishi na jeraha hilo mara tatu ya muda aliouishi bila jeraha. Madaktari wanafahamu vyema namna ya kumwokoa mtu katika saa za kwanza baada ya mlipuko. Yale yanayomsubiri katika mwaka wa 10, wa 20 na wa 30 hayazungumzwi sana, ingawa ndiyo sehemu kubwa ya maisha yake.

Swali hilo limerejea kwa nguvu katika ukanda huu. Mwezi Mei 2024 makombora yaliiangukia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Mugunga, karibu na Goma, na kuua watu zaidi ya 10. Tarehe 27 Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, makombora yalivuka mpaka na kuanguka Rubavu, upande wa Rwanda, ambako raia waliuawa na wengine wengi kujeruhiwa. Majeruhi wa Goma na Rubavu wako mwanzoni mwa njia ambayo majeruhi wa Kigali wameipita kwa zaidi ya miongo mitatu.

Jiji chini ya mizinga

Silaha iliyoua watu wengi zaidi katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi haikuwa bomu. Wengi waliuawa kwa mapanga, marungu na risasi. Hata hivyo mabomu ya kutupwa kwa mkono yalitumika nchi nzima, hasa katika makanisa na majengo ambamo watu walikuwa wamejificha, na ndani ya Kigali pande mbili za vita zilirushiana makombora kati ya Aprili na tarehe 4 Julai. Uwanja wa michezo wa Amahoro, walikokimbilia maelfu ya raia chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, ulipigwa mwezi Aprili. Kanisa la Sainte-Famille lilipigwa. Hospitali ya King Faisal na Hospitali Kuu ya Kigali nazo hazikusalimika.

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, chini ya uongozi wa Mswisi Philippe Gaillard, ilifungua hospitali ya muda karibu na ofisi zake. Ilifanya kazi pamoja na madaktari wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, ambao walikubali kuvaa nembo ya Msalaba Mwekundu kwa usalama wao. Maelfu ya watu walitibiwa pale, na hospitali yenyewe ikapigwa na makombora. Kufika hospitalini kulikuwa hatari kama jeraha lenyewe: katikati ya Aprili, majeruhi walishushwa kutoka katika gari la Msalaba Mwekundu kwenye kizuizi cha barabarani na kuuawa.

Tukio hilo linaeleza mengi kuhusu afya ya walionusurika. Wengi wao hawakumwona daktari wa upasuaji kwa siku au wiki kadhaa, na wengine hawakumwona kabisa. Mfupa uliovunjika uliunga ukiwa umepinda. Kidonda kilifunga juu ilhali ndani kuna uchafu. Kilichoamuliwa na kizuizi cha barabarani mwaka 1994 bado huonekana katika picha za eksirei.

Mlipuko unavyoujeruhi mwili

Kombora la mota linapolipuka hujeruhi kwa njia zaidi ya moja. Kwanza hutoka wimbi la hewa iliyobanwa ambalo hupasua sehemu za mwili zenye hewa ndani yake: masikio, mapafu na utumbo. Kisha ganda la chuma hupasuka vipande vipande vinavyoruka kwa kasi kubwa, vingine vidogo kama punje ya mchele, vingine vikubwa kama kiganja. Mtu mwenyewe anaweza kurushwa na kugonga ukuta, au ukuta ukamwangukia. Mwisho kuna moto, moshi na vumbi.

Tofauti na risasi moja iliyopenya na kutoka, vipande hivyo huingia pamoja na udongo, nyuzi za nguo, vigae vya tofali na hata mifupa ya mtu mwingine. Ndiyo sababu madaktari wa vita hufundishwa kutoshona jeraha la aina hii papo hapo. Hukata nyama iliyokufa, husafisha, huacha jeraha wazi chini ya bandeji, na hulifunga siku 4 au 5 baadaye likiwa safi. Anayeshona mapema kwa nia njema hufungia vijidudu ndani.

Vijidudu vikifika kwenye mfupa huanzisha maradhi yenye subira ya ajabu. Maambukizi ya mfupa yanaweza kutulia kwa miaka mingi, mgonjwa akadhani amepona, kisha siku moja kovu la zamani likavimba, likapasuka na kutoa usaha pamoja na kipande kidogo cha mfupa uliokufa. Dawa za kuua bakteria peke yake mara nyingi hazitoshi, kwa kuwa damu haifiki katika mfupa uliokufa na dawa husafiri na damu. Mgonjwa hurudi kwenye meza ya upasuaji, wakati mwingine mara tatu au nne katika maisha yake.

Chuma kinachobaki

Wagonjwa wengi hushangaa kuambiwa kwamba kipande cha bomu kilichomo mwilini mwao kitaachwa hapo hapo. Sababu ni ya kitabibu. Kukitafuta kipande kidogo ndani ya paja huweza kukata mishipa ya fahamu na ya damu, na kuleta madhara makubwa kuliko kukiacha. Mwili hukizungushia utando mgumu, na vipande vingi hukaa kimya hadi mwisho wa maisha ya mtu.

Si vyote. Kipande kilicho karibu na mshipa mkubwa wa damu kinaweza kuukwaruza. Kilicho ndani ya kiungo, kwa mfano goti, husaga gegedu kila mtu anapopiga hatua. Chembe ya chuma iliyobaki ndani ya jicho hupata kutu kama chuma kingine chochote, na kutu hiyo huua polepole sehemu ya jicho inayopokea mwanga, hata kama siku ya jeraha mgonjwa alikuwa akiona vizuri.

Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa kile kinachotoka katika bunduki na kwa madini ambayo kwa kawaida hutengenezewa kitu hicho. Hapa maana hizo mbili hukutana. Makombora mengi hutengenezwa kwa chuma cha pua, lakini mtu aliyepigwa risasi ikabaki katika kiungo anaweza kupata sumu ya madini hayo miaka mingi baadaye, kwa sababu ute unaolainisha viungo huyayeyusha taratibu na kuyaingiza katika damu. Dalili zake ni uchovu, maumivu ya tumbo, upungufu wa damu na kuchanganyikiwa, na daktari asiyeuliza habari za vita anaweza kuzitibu kama ugonjwa mwingine kabisa.

Kuna tatizo lingine ambalo hakuna aliyelifikiria mwaka 1994. Kipimo cha MRI hutumia sumaku yenye nguvu kubwa, na chuma kilichomo mwilini kinaweza kusogea au kupata joto. Mtu mwenye vipande vya bomu anayeumwa mgongo au kichwa leo huenda akanyimwa kipimo hicho, au akalazimika kupigwa eksirei kwanza ili ijulikane alichobeba na kiko wapi.

Mguu mmoja, miguu 25

Kati ya majeraha yote ya milipuko, kukatwa kiungo ndiko kunakoonekana zaidi, na pengine ndiko kunakoeleweka vibaya zaidi. Wengi hudhani mgonjwa akishapewa mguu bandia jambo limekwisha.

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekuwa ikitoa hesabu ifuatayo kwa miaka mingi: mtoto aliyepoteza mguu akiwa na umri wa miaka 10 atahitaji takriban miguu bandia 25 katika maisha yake. Anapokua, mguu wake mzima hurefuka na ule wa bandia haurefuki, hivyo lazima ubadilishwe kila baada ya miezi 6 hadi mwaka. Akifikia utu uzima, mguu mmoja hudumu miaka 3 hadi 5, kutegemea kazi yake na ardhi anayoikanyaga. Kigali ni jiji la vilima. Barabara za mawe na njia za udongo mwekundu wakati wa mvua hula nyayo za mpira haraka kuliko sakafu ya kliniki ulikojaribiwa mguu huo.

Kwa mtoto kuna jambo la ziada. Mfupa uliokatwa katikati huendelea kukua, mara nyingi kwa kasi kuliko ngozi na nyama zinazoufunika. Ncha yake huwa kali, husukuma ngozi ya kigutu kutoka ndani na inaweza kuitoboa. Mtoto hupasuliwa upya ili mfupa upunguzwe, na baada ya mwaka mmoja au miwili huweza kuhitaji tena. Waliokatwa viungo wakiwa wadogo mwaka 1994 walilipitia tatizo hili katika miaka ya shule, kipindi ambacho kila wiki ya kulazwa ilimaanisha masomo yaliyopotea.

Kigutu chenyewe hubadilika. Misuli hunywea, hivyo soketi iliyokuwa ikibana vizuri hulegea na kuchubua. Mtu akinenepa hubana. Mishipa ya fahamu iliyokatwa huota vinundu ambavyo vikiguswa huleta maumivu kama ya umeme. Mguu uliosalia nao hulipa gharama: hubeba uzito zaidi kwa miongo, na goti na nyonga yake huchakaa mapema. Maumivu ya mgongo ni malalamiko ya kila siku. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani, Hrubec na Ryder, walichapisha matokeo ya ufuatiliaji wa wanajeshi waliokatwa viungo katika Vita vya Pili vya Dunia. Waliokatwa mguu juu ya goti, au miguu yote miwili, walikuwa na vifo vingi zaidi vya maradhi ya moyo na mishipa ya damu kuliko wenzao waliopata majeraha mengine. Sababu kamili bado zinajadiliwa.

Halafu kuna maumivu ya kiungo kisichokuwepo. Daktari wa Marekani Silas Weir Mitchell aliyaelezea mwaka 1871 baada ya kuwatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo. Mgonjwa huhisi vidole vya mguu uliozikwa zamani vimekunjika na kukakamaa, au unyayo unawaka moto. Kwa miaka mingi waliolalamika hivyo walidhaniwa kuwa na matatizo ya akili. Leo inafahamika kwamba maumivu hayo yana chanzo katika mishipa ya fahamu na ubongo, ambao bado una ramani ya kiungo kilichopotea. Dawa zipo, na yapo mazoezi ya kioo ambamo mgonjwa hutazama taswira ya mguu wake mzima ikikaa mahali pa ule uliokatwa. Husaidia baadhi ya watu, si wote.

Rwanda ilikuwa na msingi wa huduma hizi kabla ya 1994. Kituo cha Gatagara, kusini mwa nchi, kilianzishwa mwaka 1960 na padri Joseph Fraipont kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Mwaka 1997 ulianza mjini Kigali mradi wa Mulindi Japan One Love, uliobuniwa na Mnyarwanda Emmanuel Rudasingwa, ambaye mwenyewe alikuwa na ulemavu wa mguu tangu utotoni, pamoja na mkewe Mami Yoshida, Mjapani aliyesomea ufundi wa viungo bandia. Mradi huo umetoa viungo bandia bila malipo kwa watu ambao vinginevyo wangetembea kwa fimbo.

Kichwa na masikio

Kipande cha chuma kikiingia kichwani, hatari inayokaa muda mrefu zaidi ni kifafa. Ushahidi bora unatokana na wanajeshi wa Marekani waliojeruhiwa vichwani Vietnam. Takriban miaka 15 baada ya jeraha, zaidi ya nusu ya waliofuatiliwa walikuwa wamepata kifafa, na wapo walioanza kuanguka zaidi ya miaka 10 baada ya kujeruhiwa. Katika jamii ambamo kifafa bado huhusishwa na laana au uchawi, mtu anayeanguka kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 30 huenda asiwaze kabisa kovu alilolipata utotoni.

Ngoma ya sikio iliyopasuka huweza kujifunga yenyewe. Seli za ndani zinazopokea sauti zikifa hazioti tena, na mlio wa kudumu masikioni huwanyima watu usingizi kwa miaka. Mtoto asiyesikia vizuri darasani huonekana mzito wa kuelewa.

Inafaa kutambua kwamba sehemu kubwa ya maarifa haya inatokana na wanajeshi wanaume, kwa sababu majeshi huweka mafaili na hulipa pensheni. Raia waliowahi kufuatiliwa kwa kiwango hicho ni wachache, na mfano mkubwa ni manusura wa Hiroshima na Nagasaki: watu wapatao 120,000 wamekuwa katika utafiti mmoja tangu 1950. Madhara ya mabomu ya kawaida kwa mwanamke aliyebeba mimba baada ya kuvunjika nyonga, au kwa mtoto wa miaka minne, yameandikwa kidogo mno.

Mwezi Aprili

Jeraha la mwili na la nafsi hayatenganishwi kirahisi. Wanyarwanda wana neno lao, ihahamuka, kwa hali ya mtu anayerudishwa ghafla katika tukio lililomtisha, akapiga kelele, akakimbia au akaishiwa nguvu. Kila mwaka, kuanzia tarehe 7 Aprili maombolezo ya kitaifa yanapoanza, wahudumu wa afya ya akili huwekwa tayari katika maeneo ya kumbukumbu kwa sababu hiyo.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili uliofanywa Rwanda mwaka 2018 ulibaini kwamba asilimia 3.6 ya watu kwa jumla walikuwa na msongo unaotokana na kiwewe, lakini miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari kiwango kilikuwa asilimia 27.9. Sonona ilikuwa asilimia 12 kwa watu kwa jumla na asilimia 35 kwa manusura. Kwa mtu mwenye maumivu ya kudumu hali huwa ngumu zaidi: maumivu huamsha kumbukumbu, kumbukumbu hukaza misuli na kufukuza usingizi, na asiyelala huhisi maumivu makali zaidi. Kumtibu goti bila kumuuliza kuhusu usiku wake ni kufanya nusu ya kazi.

Nani hulipa?

Rwanda ilianzisha mwaka 1998 mfuko wa kuwasaidia manusura wa mauaji ya kimbari wasiojiweza, FARG, uliogharamia elimu, makazi na matibabu, yakiwemo ya majeraha ya zamani. Kazi zake zilihamishiwa katika wizara ya umoja wa kitaifa, MINUBUMWE, iliyoundwa mwaka 2021. Wapiganaji wa zamani wenye ulemavu walikuwa na tume yao. Raia aliyepigwa na kombora lakini asiyeingia katika kundi lolote kati ya hayo hutegemea bima ya afya ya jamii, mutuelle, na kwa miaka mingi mashirika ya watu wenye ulemavu, ukiwemo muungano wa NUDOR, yalilalamika kwamba bima hiyo haikugharamia viungo bandia. Kombora halichagui linayempiga, bali gharama za baadaye zimetegemea sana jina la kundi ambamo mtu ameandikwa.

Katika sheria za kimataifa, wazo kwamba dola ina wajibu wa muda mrefu kwa majeruhi ni changa. Mkataba wa Ottawa wa 1997 dhidi ya mabomu ya kutegwa ardhini ndio wa kwanza wa upunguzaji silaha kuingiza msaada kwa waathirika. Rwanda ni mwanachama, na mwaka 2009, katika mkutano wa Cartagena nchini Colombia, ilitangaza kuwa imemaliza kuyaondoa mabomu hayo katika ardhi yake. Makombora ya mizinga na mota hayamo katika mkataba huo. Azimio kuhusu silaha za milipuko katika maeneo yenye watu wengi, lililotiwa saini Dublin Novemba 2022 na zaidi ya nchi 80, linataja msaada kwa waathirika lakini halina nguvu ya sheria.

Kinachoweza kufanyika mapema

Mengi kati ya madhara haya hupunguzwa na mambo yasiyohitaji mitambo ya gharama kubwa: jeraha kusafishwa na kuachwa wazi, chanjo ya pepopunda, kigutu kukatwa kwa urefu na umbo litakalokubali soketi, mazoezi ya viungo kuanza siku za kwanza kabla goti halijakakamaa. Karatasi pia ni tiba. Majeruhi anayeondoka hospitalini na maandishi yanayoeleza vipande vingapi vimebaki na viko wapi humrahisishia kazi daktari atakayemwona miaka 20 baadaye, pengine katika nchi nyingine.

Mjini Goma, hospitali ya CBCA Ndosho, inayosaidiwa na Msalaba Mwekundu, imepokea majeruhi wengi kupita uwezo wa vitanda vyake. Mtoto wa miaka 10 aliyekatwa mguu mwezi Januari 2025 atakuwa amehitaji mguu bandia wa kwanza mara kigutu kilipopona, na wa pili kabla ya kumaliza shule ya msingi. Atatimiza umri wa miaka 40 mwaka 2055.